Bunduki Iliyopigwa Msasa

Mwalimu hakukiamini kitu chochote cha mbao ambacho hakijapigwa msasa. Alitembea nao kwenye mfuko wa shati, kipande kilichokunjwa vizuri kama kitambaa cha mkono, mahali ambapo wanaume wengine wa kanisa letu huchomeka kalamu. Ukimkaribisha kwako, kabla hata chai haijachemka, kiganja chake kilikuwa kimeshapita chini ya ukingo wa meza, uso umekunjamana, na mkono wa pili uko mfukoni. "Mama Mwende, hii meza inachoma," angesema, na huyo ameanza kusugua. Katika miaka niliyomjua alipiga msasa mimbari ya kanisa, fimbo za wazee wa nyumba ya kulelea wazee tulikofanya kazi pamoja kule Fridley, Marekani, mwiko wangu wa ugali, na mguu wa kitanda ambao muuzaji mwenyewe aliapa ni wa plastiki.

Meza yangu aliishughulikia siku ya kwanza alipofika kwetu Blaine. Ukingo wake ulikuwa na vishimo vidogovidogo vya meno, kwa sababu Mwende alipokuwa anaota meno alikuwa akishikilia pale na kutafuna kama panya. Nilitoka jikoni na sahani ya chapati nikakuta unga wa mbao sakafuni na ukingo laini kama shavu. Mwalimu alikuwa anatabasamu, anangoja ashukuriwe. Nilimshukuru. Ungefanya nini? Mgeni amejituma, tena mtu mzima. Lakini baadaye nilipokuwa nafuta meza nilipitisha mkono pale nikahisi kuna kitu kimetoka ndani ya nyumba yangu, na sikuona wa kumlalamikia.

Huyo ndiye Mwalimu. Nyumbani Kenya alifundisha useremala shule ya upili, na ingawa huku Minnesota alikuwa msaidizi wa wauguzi, akigeuza wagonjwa na kubadilisha mashuka, jina alikuja nalo na halikumtoka. Wazungu pia walimwita Mwalimu, wengine wakidhani ni jina alilopewa na baba yake. Na kweli hakuacha kufundisha. Alifundisha vijana wetu wa chuo namna ya kukunja kona ya shuka, namna ya kumnyoa mzee anayetetemeka, namna ya kupiga koleo la theluji bila kuvunja mgongo, somo ambalo yeye mwenyewe alilifeli mapema sana.

Mimi ni nesi, na bunduki sizipendi. Nasema mapema ili mtu asije akadhani namsimulia Mwalimu kwa sababu nilikuwa shabiki. Kabla ya kuja Fridley nilifanya kazi chumba cha dharura mjini, na nilichokiona huko kilinitosha. Kwa hiyo Mama Muli, mkewe Mwalimu, aliponinong'oneza kanisani kwamba mumewe amenunua bunduki, nilidhani mzee ameanza kuogopa majirani, au amechanganyikiwa. Mzee wa kanisa! Mtu ambaye panya akinaswa gerejini kwake anambeba na mtego wake hadi ng'ambo ya barabara na kumwachia kwenye majani!

Nilimfuata baada ya ibada.

"Mwalimu, nasikia umekuwa mwanajeshi."

"Si mimi," akasema. "Ni Mzee."

Mzee alikuwa baba yake. Jeshi la Mwingereza lilimpeleka Burma akiwa kijana, akarudi na mguu unaochechemea na mazoea yasiyokwisha. Jembe lake hakulilaza chini kamwe. Alilisimamisha ukutani, mpini ukiwa umeinama kidogo, kama bunduki kwenye safu ya kambini. Kila asubuhi alilipangusa kwa kitambaa. Bunduki aliyopewa vitani aliirudisha siku ya kuachishwa jeshi, ikatupwa kwenye rundo pamoja na nyingine, na hilo rundo aliliongelea mpaka alipokufa. Hakuongelea risasi wala waliokufa. Aliongelea jinsi alivyoiweka pale taratibu na jinsi yule mzungu aliyesimama pembeni alivyomwambia asipoteze wakati.

Bunduki yenyewe wote tuliokulia Kenya tunaijua. Ni ile mark four ya Mwingereza, ya mbao ndefu, ambayo hata baada ya uhuru uliweza kuiona begani mwa askari wa akiba kule mipakani. Mwalimu alikulia akidhani vitu hivyo ni vya serikali kama vile barabara ni ya serikali. Halafu mzee mmoja aliyekuwa akimwogesha pale kazini, mwanajeshi wa zamani, akamwambia kwamba katika nchi hii bunduki kuukuu za vita vya zamani zinauzwa kwenye maonyesho kama sufuria. Mwalimu alicheka. Wiki chache baadaye alikwenda kuangalia tu, na alipoiona mark four imelala mezani katikati ya nyingine, alisema, alitafuta kiti.

"Nilimwona Mzee," aliniambia. "Si bunduki niliyoiona, mwaitu. Nilimwona Mzee amesimama na jembe."

Wakamba tukimwita mwanamke mwaitu tunamheshimu, na Mwalimu alilitumia neno hilo hasa pale alipojua hoja yake haitamshawishi anayesikiliza. Halikunishawishi. Nilimwambia Mzee angekumbukwa vizuri zaidi kwa picha iliyotiwa fremu.

Sheria za nyumbani kwake Mama Muli alizitunga siku hiyohiyo. "Baba Muli, hiyo kitu ikiingia bedroom, mimi natoka." Ikakaa gerejini ndani ya kabati la kufuli. Mwalimu naye alikuwa na sheria zake: komeo la bunduki, kile kipande cha chuma ambacho bila hicho haiwezi kufyatuka, alilichomoa akalificha jikoni, kwenye kopo lililokaa nyuma ya unga wa ugali. Risasi hakununua hata moja. Wakati fulani alipelekwa uwanja wa kulenga shabaha na jirani yake. Aliziba masikio kwa viganja, na alipopewa zamu yake akasema ahsante, ameshiba. Mama Muli alisimulia kisa hicho kila alipopata wageni, Mwalimu akiwa palepale, akicheka kuliko wote.

Alikuwa mtu wa kupeana. Ukisifu koti lake unaondoka nalo. Kijana aliyewasili kutoka Kitui katikati ya baridi alipewa gari la Mwalimu atumie mpaka asimame, na Mwalimu akapanda basi majira yote ya baridi, akisema basi lina joto na watu wa kuongea nao. Vitu havikumshika. Kwa hiyo mapenzi yake kwa ile bunduki yalimshangaza yeye mwenyewe, na nadhani yalimtia aibu kidogo, kama mtu mzima aliyekamatwa akila peremende.

Na kwa kuwa aliipenda, aliifanyia alichofanyia kila kitu alichokipenda. Aliitoa kabatini, akaifungua skrubu, akatenga mbao na chuma, na akapiga msasa.

Alisugua Jumamosi baada ya Jumamosi. Alianza na msasa mkali, akaja wa wastani, akamaliza na ule mwembamba ambao ukiupitisha mkononi unadhani ni karatasi tu. Mikwaruzo ikaondoka, madoa yakaondoka, vile vishimo vyeusi vya miaka yote vikaondoka. Akapaka mafuta, akapaka vanishi, akasugua tena, akapaka tena. Kijiji cha kina Mwalimu ndicho kile ambacho karibu kila mwanamume anachonga vinyago vya kuuzia watalii, na twiga asiyeng'aa haendi sokoni. Alipomaliza, ile bunduki iling'aa kama twiga wa uwanja wa ndege. Alinionyesha. Hata mimi nisiyezipenda nilikubali kwamba mbao ile ilikuwa nzuri, nyekundu kwa ndani kama chai ya rangi.

Jirani aliyempeleka uwanja wa shabaha alikuwa fundi bomba mstaafu, Mzungu mkubwa wa mwili na mpole, anayeishi peke yake nyumba inayopakana na ya Mwalimu. Yeye ndiye aliyemwingiza kwenye kikundi cha wazee wanaokusanya bunduki za zamani, ambao hukutana asubuhi za Jumamosi kwenye mkahawa mmoja wa Fridley. Siku moja gari la Mwalimu liligoma nikampeleka mimi, na kwa kuwa nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio niliingia nikaketi nao. Nilitarajia majigambo. Nikakuta kitu kingine kabisa.

Wale wazee hawakuongelea bunduki walizo nazo. Waliongelea walizoziachia. Mmoja aliuza yake alipokuwa anaoa, na mke alikuwa ameshakufa lakini bunduki bado aliiota. Mmoja aliibadilisha kwa injini ya boti, boti ikazama na injini yake. Mmoja, mwembamba mwenye kofia ya kuvulia samaki, alimpa shemeji yake bunduki ya babake ili amalize ugomvi, na ugomvi haukwisha. Kila aliyemaliza, wenzake walitikisa vichwa, halafu anayefuata akaanza. Mwalimu aliniinamia.

"Unaona? Wanatoa ushuhuda," alininong'oneza kwa Kiswahili. "Hii ni fellowship, tena haina sadaka."

"Na wewe ushuhuda wako ni upi?"

"Mimi bado sijapoteza kitu. Mimi hapa ni mgeni."

Jumamosi iliyofuata alibeba mark four yake kuwaonyesha. Hili nilisimuliwa na Mama Muli, kwa sababu Mwalimu mwenyewe hakuweza kulisema kwa muda mrefu. Waliitazama kwenye maegesho, nyuma ya gari la fundi bomba. Mwalimu alikuwa ameifunga kwa leso ya mkewe. Alipoifungua wote waliinama karibu. Yule mwembamba alivua kofia. Mwishowe mmoja akauliza kwa upole ni nani aliyefanya hivi, na Mwalimu, akidhani anasifiwa, akasema ni mimi.

Wakamweleza. Walikuwa watu wa adabu, na nadhani hilo ndilo lililouma zaidi. Walimwambia kwamba mikwaruzo ndiyo bunduki yenyewe. Kwamba vile vishimo na madoa ni mikono ya waliobeba, na mara nyingi askari alichora kitu chake kwenye mbao, jina au alama, ndiyo maana mkusanyaji hagusi mbao kwa msasa hata kama inachukiza. Kwamba bunduki iliyopigwa msasa, kwao, imekufa. Mwalimu alirudisha leso, akafunga fundo, akaaga kila mtu kwa mkono.

Fundi bomba peke yake hakukubaliana nao. Yeye alisema wenzake wamekusanya kuni za kuchomea nyama, na kwamba ile ya Mwalimu ndiyo nzuri kuliko zote alizowahi kuona.

Aibu haikumpa Mwalimu nafasi ya kutulia. Kila alipofungua kabati aliiona inang'aa. Majira ya baridi yakaja, mgongo wake ukakataa, na Mama Muli akatangaza kwamba safari hii theluji ataisukuma yeye mwenyewe, kanisa zima lione. Fundi bomba alikuwa na mashine mbili za kutupa theluji. Wakaongea juu ya uzio, wakapeana mikono, bunduki ikavuka kuelekea kule na mashine ikavuka kuja huku. Kesho yake Mwalimu alinipigia simu akiwa na sauti ya mtu aliyetoka hospitali salama.

"Nime-trade chuma kwa chuma," akasema. "Na hii angalau inafanya kazi."

Na ilifanya kazi. Alisafisha njia yake, ya jirani, ya mama mmoja wa Kisomali ng'ambo ya barabara, na njia ya kanisa. Nilidhani hadithi ya bunduki imeisha na nilimshukuru Mungu.

Halafu dada yake akapiga simu kutoka nyumbani. Walikuwa wanagawana mizinga ya nyuki ya marehemu Mzee, na kila mzinga una alama ya ukoo iliyochongwa, ili nyuki wa mtu wajulikane ni wa nani. Mwalimu alimuuliza kama zile alama bado zinaonekana. Dada akacheka. Akasema alama za Baba hazifutiki, alikuwa akichora kila kitu. Hata ile bunduki ya Mwingereza, Baba alimwambia aliichora kwenye kitako cha mbao, alama hiyohiyo ya mizinga, mistari miwili na upinde juu yake, asije mtu akaichukua akidhani ni yake.

Mwalimu alikuja Blaine siku hiyo, na kama kawaida yake hakupiga simu kwanza. Aliketi kwenye meza yangu na hakugusa ukingo. Nikajua kuna msiba.

"Kulikuwa na kitu kwenye kitako," akasema. "Kabla sijapiga msasa. Ubavuni, huku chini. Mistari. Nakumbuka kulikuwa na mistari."

"Mistari gani, Mwalimu?"

"Sijui! Sikuangalia. Nilisema tu, hii ni kazi mbaya, nitaiondoa."

Nilimwambia anachojua kila mwenye akili. Bunduki za namna ile zilitengenezwa nyingi mno, zikatawanyika dunia nzima, na ile ya Mzee kufika Minnesota na kumngojea mwanawe mezani ingekuwa muujiza. Alikubali yote. Aliijua hesabu hiyo kunishinda. "Lakini ningejua," akasema. "Ningeangalia tu, ningejua kwamba siyo, ningelala. Sasa sitajua kamwe kama nilimfuta Mzee kwa mkono wangu." Alilia, na mimi nikalia, juu ya kitu ambacho nimekipinga maisha yangu yote.

Kulikuwa na tumaini moja dogo. Mwisho wa kitako, pale panapoegemea bega, kuna bamba la chuma lililokazwa kwa skrubu. Mwalimu hakulifungua alipopiga msasa, kwa kuwa lilikuwa limeshika kutu na alihofia kulivunja. Wale wazee walimwambia askari wengi walifungua hapo wakachora ndani, mahali ambapo afisa hangeona, maana kuchora mali ya jeshi kulikuwa kosa. Mzee alisema tu kwenye kitako. Hakusema upande gani. Kwa hiyo Mwalimu alichohitaji kilikuwa bisibisi na dakika chache na bunduki ambayo sasa ilikuwa imetundikwa ukutani kwa jirani, juu ya televisheni.

Hapa ndipo Mwalimu alipofanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angeweza kulifanya. Kwetu jambo zito haliombwi mlangoni. Unakwenda kutembea. Unapeleka kitu kidogo, unauliza afya, unaongelea mvua, unakunywa ulichopewa, unaondoka. Unakwenda tena. Mwenye nyumba akishaona umekuja mara kadhaa bila sababu, yeye ndiye anayeuliza: haya ndugu, unalo neno gani? Ndipo unasema. Mwalimu alianza kumtembelea fundi bomba. Alipeleka chapati za Mama Muli na chupa ya chai. Alikaa kwenye kochi chini ya bunduki, wakatazama mechi za hoki ya barafu, mchezo ambao Mwalimu hakuelewa hata kidogo, akapiga makofi pale jirani alipopiga makofi. Akangoja aulizwe neno lake. Yule bwana akala chapati, akashukuru, akasema karibu tena.

Iliendelea hivyo majira mawili ya baridi. Nilimfokea.

"Mwalimu, mwambie tu! Huyo ni Mmarekani, hatakuuliza mpaka kiama."

"Nikimwambia hivi-hivi nitakuwa nimemnyang'anya. Tulipeana mikono."

"Basi mwambie unataka kuangalia tu."

"Mtu haangalii tu, mwaitu. Unajua hivyo."

Nilijua, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Alipenda watu kiasi cha kutotaka kuwalemea hata na maumivu yake, halafu maumivu yenyewe sote tukayaona. Kanisani alianza kuomba kwa sauti ndogo. Mashine ya theluji aliisukuma huku ameinamisha kichwa, na Mama Muli aliniambia kwamba kila inaponguruma mumewe anageuka kutazama dirisha la jirani.

Kisha fundi bomba akahama. Binti yake alimchukua wakaishi pamoja Savage, upande wa pili kabisa wa jiji, na binti hakutaka bunduki ndani ya nyumba yenye wajukuu. Mwalimu alisikia kutoka kwa wale wazee wa mkahawa kwamba zote zitauzwa Jumamosi, kwa yeyote atakayefika kwanza. Aliponiambia, bado alikuwa anawaza apeleke chapati au mandazi.

Nilichukua simu yake mkononi mwake, nikampigia yule bwana, nikamweleza kila kitu: Mzee, mizinga, msasa, bamba la chuma.

"Mama," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, "miaka yote hii nilidhani anapenda hoki."

Jumamosi tulikwenda watatu kwenye gari langu kubwa, Mwalimu mbele, Mama Muli nyuma akishikilia mashine ya theluji isianguke, kwa sababu Mwalimu alikataa katakata kwenda mikono mitupu. Kama bunduki itarudi, mashine nayo irudi. Gereji ya Savage ilikuwa na masanduku mpaka darini. Fundi bomba alikuwa ameshaiweka mark four juu ya meza ya kazi, juu ya taulo safi, na bisibisi pembeni. Alimkumbatia Mwalimu. Kisha akarudi nyuma na kuvuka mikono, kama watu wanavyosimama kaburini.

Skrubu ya kwanza ilitoka kwa shida. Ya pili ilihitaji mafuta na subira. Nilikuwa nimemshika Mama Muli mkono, na kama ningeulizwa naomba nini nisingejua kujibu: iwepo, au isiwepo. Bamba likaachia. Chini yake mbao ilikuwa nyeusi, kavu, haijaguswa na msasa wa mtu yeyote. Mwalimu akapuliza vumbi na kuiinua kuelekea mwanga.

Kulikuwa na alama. Herufi mbili zilizochongwa kwa ncha ya kisu, na chini yake nyota ndogo, iliyopinda upande mmoja, kazi ya mtu asiyejua kuchonga lakini amejitahidi.

Mwalimu aliitazama muda mrefu. Akapitisha kidole.

"Si Mzee," akasema.

Mama Muli alimshukuru Mungu kwa sauti. Mimi pia pumzi ilinitoka. Lakini Mwalimu hakuiweka chini. Aligeuza kitako, akagusa ubavuni pale alipokuwa amesugua mistari, pale palipokuwa laini na pekundu na pazuri, akarudi kwenye nyota, akarudi tena pale palipo laini.

"Nilifuta baba wa mtu," akasema.

Fundi bomba aliniuliza amesema nini, nikamtafsiria. Alikwenda kuifungua milango ya gari langu, akaishusha mashine ya theluji peke yake, na hakuipinga ile biashara.

Majira yale ya baridi, nikitoka shifti ya asubuhi Fridley, nilimwona Mwalimu akitupa theluji kwa koleo, kidogo kidogo, akisimama kila mara kushika mgongo. Nilipiga honi akainua koleo na kucheka. Bunduki ilirudi kabatini, komeo likarudi nyuma ya unga. Jumamosi aliendelea kwenda mkahawani, na sasa alikuwa na ushuhuda. Aliichora ile nyota kwenye karatasi ya kufutia mikono akamwonyesha kila mgeni aliyejiunga, akiuliza kama kuna anayemjua mwenye nayo. Hakuna aliyemjua. Aliendelea kuuliza.

Sasa hayuko tena huku. Mwanawe Muli aliwachukua yeye na mama yake wakahamia kusini, ambako mgongo hauna kazi ya kufanya. Bunduki alikwenda nayo. Wiki ya mwisho alikuja Blaine kuaga, na safari hii alipiga simu kabla, jambo lililonifanya nijue anaondoka kweli. Mwende alikuwa chuoni. Nyumba ilikuwa kimya kuliko nilivyozoea. Nilimwekea chai. Alikaa kwenye kiti kilekile, na kiganja chake, kwa mazoea, kikapita chini ya ukingo wa meza.

Nilimwona amesita. Mkono wa pili haukwenda mfukoni. Nikatazama mfuko wa shati. Kulikuwa na kalamu.

"Mama Mwende," akasema, "hapa palikuwa na meno ya mtoto."

Sikuwahi kumwambia. Sikumwambia hata siku ile niliyomfokea, na wala sikumwambia mume wangu. Nikasema ni zamani hizo, Mwalimu, kunywa chai.

"Niliyaona. Nikasema, hii ni kazi mbaya, nitaiondoa."

Akashuka kitini polepole, mtu mzima yule na mgongo wake, akapiga magoti kwenye sakafu yangu na kuinama chini ya meza. Nilimwambia aache, ainuke. Hakuinuka. Nilisikia kidole chake kinatembea kwenye mbao kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kinakwenda, kinasimama, kinakwenda tena. Kisha kikasimama na hakikuendelea.

"Lete mkono," akasema.

Nilipiga magoti kando yake. Alinishika kidole cha shahada kama anavyomshika mtoto wa shule anayejifunza kuandika, akakipeleka ndani kabisa, mahali ambapo msasa haukufika, na akakiacha hapo. Vilikuwa vishimo viwili, vidogo, vimekaribiana, vya meno ya chini.